Ua Halina Kosa, Kosa ni la Ndoo



Kila mmoja wetu anajua kwamba karafuu ni ua lililochumwa kabla ya kufunguka. Ikichelewa mtini huwa mpeta. Ikichumwa kwa wakati wake kisha ikarundikwa mbichi usiku kucha, huchachuka na rangi ikaharibika. Hasara hiyo haitoki kwa mkarafuu. Hutoka mikononi mwetu.

Twalisema hili kwa sababu wako wenzetu, na zaidi akina mama, ambao msimu ukipita hutafuta riziki katika maua ya kupambia harusi na hoteli. Miongoni mwa maua hayo ni krisantemu, ndugu wa pareto, apendaye nchi ya baridi kama Arusha. Tunasikia lawama kwamba ua hili haliwezi joto la kisiwani. Sisi hatukubali. Krisantemu ni katika maua yanayodumu sana baada ya kukatwa. Likitunzwa vyema penye ubaridi hupita majuma mawili. Kinacholiua upesi ni ndoo chafu na kisu butu.

Bua hunywa maji kwa mishipa myembamba mno. Likikaa kavu safarini, hewa huingia mishipani. Likitiwa katika maji machafu, vijidudu huiziba. Basi ua hufa kwa kiu, nalo limesimama ndani ya maji.

Kwa hiyo maua yakifika tu, yawekwe kivulini. Ndoo isuguliwe kwa sabuni na dawa ya klorini, isisuuzwe tu. Majani yatakayozama majini yaondolewe yote, maana huoza. Kila bua likatwe tena kiasi cha inchi moja kwa kisu kikali. Na kama chini limekuwa gumu mfano wa kuni, likatwe juu ya hapo, kwani pagumu hapanywi vizuri. Wako wanaoponda bua kwa nyundo: na waache, kuponda huleta uozo. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili.

Na wakati wa kununua, tazama majani kwanza, kwa kuwa mara nyingi huwa manjano kabla ya ua lenyewe kuchoka. Wala usichukue vichwa vilivyofumba sana kama karafuu, vingi havitafunguka.

Hoteli iliyoletewa maua yaliyoinama vichwa haitauliza ni nani kati yetu aliyeyaleta. Itasema, "watu wa kisiwani", na itaagiza kwingine. Kwa hiyo twashauri wanaouza maua wakubaliane: lisilotunzwa lisiuzwe, hata kwa bei ya chini.

Karafuu yataka kutolewa maji upesi. Ua la kukata lataka kurudishiwa maji upesi. Katika yote mawili, saa chache za mwanzo ndizo zinazokata bei.