Sekunde Zangu, Mahari ya Watu

Jamani wasomaji wangu, makubwa! Wiki mbili hizi nimenuniwa na mchumba wangu, na aliyetugombanisha ni saa.

Yalianzia kijiweni. Kila mtu saa yake inasema lake, nami kwa kiherehere nikajitapa kwamba nitaunda yangu isiyokosea hata sekunde. Kompyuta ninayo, ile Raspberry Pi 4, ndogo kama kitambulisho, ila haina saa yenye betri. Umeme ukikatika, inasahau hata leo ni lini. Basi nikachomoa elfu sitini kwenye kopo la mahari, huyoo Kariakoo.

Muuzaji akanionyesha kwanza DS3231, kisaa kidogo chenye betri. Chenyewe hupima joto na kujirekebisha, kwa mwaka mzima hakipotezi zaidi ya dakika moja na ushee. Kwa mtu mwenye akili zake kinatosha, tena angerudi na chenji. Lakini mimi nilishajitapa! Nikataka kipokezi cha GPS, maana setilaiti zile zimebeba saa za atomi.

Hapo ndipo nilipoliwa. Nikachagua cha kuchomeka kwenye USB, kinang'aa kweli kweli. Kufika nyumbani, loo! Kinaleta saa kwa maandishi, na maandishi yanafika yamechelewa, mara hivi mara vile. Kumbe utamu wote uko kwenye pini moja iliyoandikwa PPS. Kila sekunde ikianza, pini hiyo inapiga pigo moja la umeme, na kosa lake halifiki sehemu moja ya milioni ya sekunde. Changu hakina pini hiyo.

Nikarudi dukani. Nikaambiwa mali ikishauzwa hairudi. Mkono ukaingia tena koponi, safari hii nikanunua NEO-6M ya pini tano. Wenzangu, hesabuni pini kabla ya kulipa! Ziko nyingi za pini nne, pigo limo ndani lakini hawakulitoa nje. Antena nikaipandisha juu ya paa, maana chini ya bati ilikuwa haioni kitu.

Saa sasa inakwenda barabara. Nikamwita mchumba aje ajionee. Akaitazama, akalitazama na kopo.

"Yaani mimi nahesabu miezi, wewe unahesabu sekunde?"

Kile cha USB nakiuza. Elfu ishirini, maelewano yapo.