Friji Haifi kwa Siku Moja

Wasomaji wengi wa kurasa hizi za Kiswahili, wanafunzi wa leo na sisi tuliokwisha kutoka shuleni, hupenda kusoma habari za michezo, safari na mabishano ya hoja. Leo naomba radhi, maana nataka kuwaingiza jikoni. Nataka kusema juu ya friji ya nyumbani, chombo ambacho twakifungua mara ishirini kwa siku na hatukitazami hata mara moja kwa mwaka.

Maoni yangu ni haya. Friji nyingi haziuawi na uzee, bali na uvivu wetu wa kutotazama. Na kijana aliyefundishwa sayansi darasani, asipoweza kuitumia kwa chombo kilicho nyumbani kwao, elimu hiyo imeishia kwenye daftari. Sisemi haya kwa kuwalaumu wengine. Nasema kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa, na kosa langu lilikuwa karibu kumwua bibi yangu.

Kwetu ni Walukuba, mjini Jinja. Jaja, kama tumwitavyo bibi, ana ugonjwa wa sukari, na kila siku hana budi kuchomwa sindano ya insulini. Yeyote mwenye mgonjwa wa namna hiyo anajua ya kuwa chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa zatakiwa kuwekwa penye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Nyumbani kwetu mahali penye baridi ya namna hiyo ni pamoja tu, nako ni ndani ya friji ya mlango mmoja ambayo baba aliinunua mimi nikali mtoto.

Siku moja friji ile ikaanza kulegea. Maziwa ya jioni yalikuwa yakichacha kabla ya asubuhi. Nikaita fundi. Alipofika hakuisogeza wala hakuitazama nyuma. Aliifungua, akagusa ndani kwa kiganja, akasema, "Gesi imekwisha." Akatia gesi, akapokea fedha, akaenda zake. Baada ya majuma mawili mambo yakawa yale yale. Fundi wa pili alisema kompresa imekufa, afadhali tununue friji nyingine. Fedha za friji nyingine hatukuwa nazo.

Basi mimi, niliyepata alama nzuri za fizikia katika shule hii, nikafanya jambo ambalo hata mtu asiyeingia darasani angelifikiri mara mbili kabla ya kulifanya. Nilikizungusha kitufe cha baridi mpaka mwisho. Kisha nikazisukuma chupa za Jaja ndani kabisa, zikagusa ukuta wa nyuma, chini ya sanduku la barafu. Nikajiona mwerevu.

Mchana, mlango ukifunguliwa kila mara, friji haikupoa sawasawa. Lakini usiku, watu wamelala, ilifanya kazi bila kupumzika, na ukuta ule wa nyuma ukawa barafu tupu. Chupa zikaganda. Asubuhi zikayeyuka, zikaonekana kama kawaida. Sasa, insulini ikiisha kuganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Sisi hatukujua. Tukamchoma Jaja dawa isiyo na nguvu kwa siku nne. Siku ya tano hakuweza kuinuka kitandani.

Hospitalini muuguzi mmoja aliniuliza, "Dawa yake mwaiweka wapi?" Nikamweleza kila kitu, pamoja na werevu wangu wa kitufe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mliigandisha, mwanangu." Jaja alilala hospitalini majuma mawili, na twamshukuru Mungu kwamba alirudi nyumbani kwa miguu yake.

Jioni ile nilipotoka hospitalini niliivuta friji kutoka ukutani. Tangu ilipoingia nyumbani sikupata kuona mtu akifanya hivyo. Nyuma yake niliona gunia la mahindi limeegemea zile bomba nyeusi, na juu ya bomba vumbi nene kama blanketi, pamoja na utando wa buibui. Raba ya mlango ilikuwa imechanika chini, upande wa bawaba, urefu wa kidole. Nikachomoa plagi, nikasugua vumbi kwa brashi, nikaliondoa gunia, na kesho yake nikanunua raba mpya. Bei ya raba haikufika nusu ya fedha nilizompa yule fundi wa gesi. Friji iliyohukumiwa kufa yafanya kazi mpaka leo.

Mtu aweza kuuliza, vumbi la nje laharibuje baridi ya ndani? Jibu lake sote tulifundishwa. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto. Bibi zetu walijua hayo kabla ya umeme, maana maji hupoa mtungini kwa sababu mtungi hutoka jasho, na jasho lile likikauka huchukua joto na kwenda nalo. Katika friji kazi hiyo hufanywa na gesi. Kompresa huikandamiza mpaka ikawa moto. Kisha hupita katika zile bomba za nyuma, ikatoa joto lake jikoni na kugeuka maji. Halafu hupenya kwenye bomba jembamba sana, ikafika penye barafu, ikachemka upya na kulinyonya joto la chakula. Ukizifunika bomba za nyuma kwa vumbi na magunia, joto halina njia ya kutoka. Kompresa hufanya kazi mchana kutwa na usiku kucha, ikala umeme, ikachoka, na mwisho ikaungua. Ndipo twasema, "Friji imekufa ghafula." Haikufa ghafula. Ilikuwa ikiita kwa miaka, na hatukusikia.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, friji ya kwenu ikilegea, msikimbilie fundi kabla ya kutazama mambo haya.

Kwanza tazameni umeme. Je, plagi imekaza? Je, taa ya ndani yawaka? Taa hiyo yatakiwa kuzimika mlango ukifungwa. Bonyezeni kwa kidole kile kibonyezo cha mlangoni mwone. Isipozimika, mmeweka jiko dogo ndani ya friji.

Pili jaribuni mlango. Shikeni noti au kipande cha karatasi, mfunge mlango juu yake, kisha mvute. Ikitoka bila kushikwa, raba hapo imelegea. Fanyeni hivyo pande zote nne. Mara nyingi raba ni chafu tu, yataka maji ya vuguvugu na sabuni. Ikiwa imejipinda, kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto huweza kuilainisha ikarudi. Ikiwa imechanika, nunueni nyingine.

Tatu vuteni friji mtazame nyuma. Vumbi liondolewe mara mbili kwa mwaka, plagi ikiwa nje ya soketi. Iacheni nafasi ya kiganja kimoja kutoka ukutani, na isikae karibu na jiko wala penye jua.

Nne tazameni barafu. Barafu nyingi si dalili ya nguvu. Ikizidi unene wa nusu sentimeta huwa kama nguo nzito, yazuia baridi isifike kwenye chakula. Zimeni, fungueni mlango, wekeni sufuria ya maji ya moto ndani, mngoje iyeyuke yenyewe. Msichokoe kwa kisu hata kidogo! Nyuma ya ukuta ule mwembamba mna bomba za gesi, na friji nyingi za siku hizi zatumia gesi inayowaka moto, iliyoandikwa R600a kwenye kibandiko. Tundu moja la kisu ni mwisho wa friji, na cheche moja yaweza kuwa mwisho wa zaidi ya friji.

Tano jueni maana ya namba za kitufe. Si nyuzi za joto. Kwa kawaida namba kubwa maana yake ni baridi zaidi. Kipimajoto kidogo ndani ya gilasi ya maji kitawaambia ukweli. Kiacheni usiku kucha, asubuhi msome. Nyuzi 4 zatosha kwa chakula na kwa dawa. Nayo dawa isiwekwe mlangoni ambako joto hupanda na kushuka, wala nyuma ambako huganda, bali katikati.

Mwisho ni habari ya umeme kukatika, jambo tulijualo vizuri. Umeme ukikatika, chomoeni plagi na msifungue mlango. Friji iliyofungwa hutunza baridi yake kwa muda wa saa nne hivi. Umeme ukirudi, ngojeni dakika tano, maana mara nyingi hurudi kwa kishindo, na kompresa haipendi kuamshwa kabla gesi yake haijatulia. Kile kifaa kidogo cha kulinda friji, kinachouzwa madukani, hufanya kazi hiyo ya kungoja hata kama watu wamelala.

Wako watakaosema, "Wataka kuwanyang'anya mafundi chakula chao." Sivyo. Fundi mwema ana kazi nyingi ambazo mimi na wewe hatufai kuzigusa. Bomba za gesi, waya za ndani na kompresa ni zake. Lakini yafaa tujue kwamba gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa katika jiko. Imefungiwa humo daima. Ikipungua, pana mahali inapovuja, na fundi anayetia gesi bila kutafuta tundu amemwaga maji katika ndoo iliyotoboka. Mtu anayejua hayo humwuliza fundi swali moja la adabu, "Tundu liko wapi?" Fundi mwema atafurahi kuulizwa. Yule mwingine atakumbuka ana shughuli mahali pengine.

Wengine watasema kwamba kufuta vumbi na kuosha raba ni kazi ya mtumishi, si ya msomi. Hao nawakumbusha habari ya Albert Einstein. Katika miaka ya 1920 alisoma gazetini juu ya jamaa mmoja mjini Berlin, waliokufa wote usingizini kwa gesi ya sumu iliyovuja katika friji yao. Hakusema jambo hilo ni la jikoni. Tangu mwaka 1926 alifanya kazi na mwanasayansi mwenziwe, Leo Szilard, wakabuni friji isiyo na sehemu za kuzunguka ambazo zingeweza kuvuja, na mwaka 1930 wakapewa hati ya uvumbuzi huko Marekani. Ikiwa mtu aliyepata Tuzo ya Nobel hakuona haya kuishughulikia friji, je, sisi wenye cheti cha kidato cha nne twaona haya ya nini?

Basi nina ombi moja kwa walimu na moja kwa wanafunzi. Walimu, somo la joto likifika, pelekeni darasa kwenye friji ya jikoni mwa shule. Ivuteni kutoka ukutani, waone zile bomba, waziguse kwa tahadhari kwamba ni za moto, waelewe joto lile limetoka wapi. Saa moja ya namna hiyo yashinda kurasa kumi za kunakili ubaoni. Nanyi wanafunzi, mkifika nyumbani likizo hii, kabla ya kutoka kwenda kuwaonyesha jirani sare mpya, vuteni friji ya mama mtazame nyuma. Kama ndani mna dawa ya mtu, tazameni mara mbili.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa wangu ulikuwa wa urefu wa kidole, chini ya mlango wa friji, na kwa kutouziba sikujenga ukuta, bali nilikaa majuma mawili kando ya kitanda cha hospitali. Jaja yu mzima, naye hanitajii habari hiyo. Ila kila nikija nyumbani huniambia, "Mjukuu wangu, leo umeitazama friji?" Nami huivuta mbele ya macho yake, nikapitisha brashi, hata kama sikuona vumbi lolote.