Mbwa wa mgeni anaweza kuliingizia shamba fedha

KWA wengi wetu mbwa ni mlinzi. Hufungwa mchana, hufunguliwa usiku, na mgeni akibisha hodi huuliza kwanza kama mbwa wamefungwa. Ndiyo maana ukimweleza mwenye shamba kubwa la chai au kahawa kwamba wapo watu wanaotoa fedha ili kutembea shambani na mbwa wao, atadhani unamtania.

Uingereza hiyo ni biashara. Mfano ni Chatsworth, huko Derbyshire, makazi ya ukoo wa Duke wa Devonshire. Duke wa 10 alipofariki mwaka 1950, kodi ya urithi ilifikia asilimia 80. Familia iliuza ardhi na kazi za sanaa, na mwaka 1956 jumba lake jingine la Hardwick likakabidhiwa kwa serikali. Chatsworth ilibaki, na leo inategemea sana wageni.

Utaratibu wake ni rahisi. Kutembea kwenye maeneo ya malisho ni bure, lakini kuegesha gari hulipiwa. Kuingia bustanini ni kwa tiketi, na mbwa anaruhusiwa akiwa amefungwa kamba. Kisha kuna chai ya kununua, na duka la mazao ya shamba lililofunguliwa mwaka 1977. Mbwa halipi kitu, bwana wake ndiye anayelipa. Mtu asiyetaka kumwacha mbwa wake nyumbani siku nzima huenda anakokaribishwa naye.

Hata hivyo, hatari ipo. Kondoo mwenye mimba akifukuzwa na mbwa anaweza kuitoa hata bila kung'atwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 inamtia hatiani mwenye mbwa anayesumbua mifugo shambani. Kinyesi cha mbwa nacho kinaweza kuchafua malisho kwa vimelea vinavyosababisha ng'ombe kutupa mimba.

Kwa maoni yangu, wenye mashamba ya Lushoto, Arusha na Limuru, wanaolalamikia bei za mazao kila msimu, wanaweza kulijaribu jambo hili kwa gharama ndogo. Lakini masharti yawe makali: langoni kionyeshwe cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, kamba isifunguliwe, kinyesi kiokotwe, na njia ya wageni itengwe na mifugo pamoja na sehemu zilizopuliziwa dawa. Mbwa wa walinzi nao wafungwe saa za wageni.

La mwisho ni la majirani. Mashamba mengi yana njia za mkato zinazotumiwa na wanakijiji kwenda shule, kisimani na sokoni. Mwenye shamba akimfungulia lango mgeni na mbwa wake, huku akimzuia mtoto wa jirani kupita, atakuwa ananunua ugomvi. Njia ya mgeni na ya jirani zipangwe siku moja.