Kosa la Mtoto na Ulimi wa Darasa

Kila mwanachuo aendaye katika mazoezi ya kufundisha huandaa somo lake kwa uangalifu: shabaha, zana, hatua na maswali. Jambo moja aghalabu halimo katika andalio la somo, nalo ni lile litakalotendeka pale mtoto atakapokosea mbele ya wenziwe. Kwa maoni yetu, hapo ndipo wema hufundishwa au huuawa darasani.

Tuchukue mfano ambao sisi wakufunzi huukuta mara kwa mara. Mtoto wa Darasa la Pili asimama kusoma ubaoni. Pameandikwa "Juma anakula wali"; yeye asoma "Juma anakura wari". Darasa laangua kicheko. Mwanachuo, kwa nia njema, auliza: "Nani amsaidie?" Mikono mingi yainuka, na sauti zapaa: "Mimi, mwalimu! Mimi!" Mtoto hodari asoma barabara na kupigiwa makofi. Yule wa kwanza aketi kimya. Somo laendelea, lakini kwake yeye limekwisha.

Yafaa tujiulize watoto wale wamecheka nini. Wengi wa wanafunzi wetu huanza shule wakiwa na lugha nyingine ya nyumbani, na zipo lugha zetu zisizotenganisha r na l. Kwa hiyo kilichochekwa si ujinga, bali ni sauti aliyoipata kwa mama yake. Mtoto aliyechekwa hivyo hujifunza kunyamaza. Asiyesoma kwa sauti hasahihishwi, na asiyesahihishwa huachwa nyuma siku hata siku, mpaka shule imchoshe.

Wako watakaosema kwamba utani ni mila yetu. Ni kweli, nasi hatuupingi. Lakini utani una kanuni zake. Babu humtania mjukuu, na mjukuu humrudishia. Mpare na Mchaga hutaniana, kila mmoja akiwa na ruhusa sawa. Tena siku ya msiba mtani ana wajibu wake. Kejeli ya darasani haina kanuni hata moja kati ya hizo. Ni wengi dhidi ya mmoja, naye hana ruhusa ya kujibu.

Basi mwalimu afanye nini? Kwanza, autawale ulimi wake mwenyewe. Akimwita mtoto "mzito" asubuhi, kufikia mapumziko hilo limekuwa jina la mtoto huyo uwanjani.

Pili, asiharakishe kumpa mwingine swali lile. Aanze na kilicho sahihi: "Neno la kwanza umelisoma vizuri. Sasa tazama ulimi wangu." Kisha darasa zima litamke pamoja la, le, li, lo, lu, na ra, re, ri, ro, ru, ili zoezi liwe la wote. Mwisho amrudie mtoto yule yule asome tena. Makofi yakipigwa, yawe yake.

Tatu, awafundishe watoto maneno ya kusema. Mara nyingi watoto hawakosi huruma, hukosa kauli. Neno "pole" wanalijua tangu nyumbani. Tuwaongezee "jaribu tena", "umekaribia", "hata mimi lilinisumbua". Kauli hizi zifanyiwe mazoezi kama maamkizi yanavyofanyiwa.

Nne, sifa iwe ya kweli na itaje kazi iliyofanywa. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walitoa matokeo ya majaribio yao: watoto waliosifiwa kwa akili zao walikata tamaa upesi walipokutana na maswali magumu, kuliko wale waliosifiwa kwa juhudi. Kusifu si kuliita kosa kuwa sahihi. Ni kumwonyesha mtoto hatua aliyopiga na ile iliyobaki.

Itasemwa kwamba darasa lenye watoto themanini halina nafasi ya mambo haya. Sisi twaona kinyume. Kumrudia mtoto mmoja huchukua muda mfupi kuliko kulinyamazisha darasa linalozomea. Wala fimbo si dawa ya kicheko, kwani wanaochapwa kwa kumcheka mwenzao humlipizia kisasi wakati wa mapumziko.

Wahenga walinena kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mwanafunzi aliyejificha nyuma ya dawati la mwisho ni rahisi kumtoa kuliko nyoka. Hivyo twawashauri wanachuo: kila muandaapo somo, andikeni pia kauli mtakayoitumia mtoto atakapokosea. Darasa zima litakuwa likiisikiliza, na kesho litaitumia.