Digrii ya sheria bila muhuri

Wazalendo, ukitaka kuomba kazi ya serikali kupitia Ajira Portal, tangazo litakuambia upandishe vyeti vilivyothibitishwa na wakili. Hapo ndo utakiona kichekesho cha nchi hii. Kijana amemaliza LLB, miaka mitatu au minne chuo kikuu. Anachukua cheti chake cha sheria, anatoka nacho Lalago mpaka Maswa mjini, anatafuta ofisi ya wakili, analipa, anagongewa muhuri kwamba hiyo nakala ya digrii yake ya sheria ni ya kweli. Yeye mwenyewe, na sheria yake yote kichwani, haruhusiwi kumgongea jirani hata nakala ya cheti cha kidato cha nne.

Pale kwetu Lalago mzee akisikia unasomea sheria anakuita wakili siku hiyo hiyo. Mimi nimeshaitwa "mayu wakili" tangu mwaka wa kwanza, na kuna mabibi wameshaniletea karatasi za mashamba niwasomee. Kusoma nawasomea. Nikichukua hela yao nikawaandikia nyaraka ya kuuziana ardhi au ya kesi, nimevunja Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Ni kosa kwa asiye wakili kuandaa nyaraka za namna hiyo kwa malipo, na sheria haijali umepata GPA ya ngapi.

Kinachotenganisha mwenye digrii na wakili ni cheti kimoja: stashahada ya uzamili inayotolewa na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sote tunaiita Law School. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ikaanza kupokea wanafunzi 2008. Kabla ya hapo mhitimu alipitia mafunzo kazini, halafu akafanya mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria. Siku hizi njia ya kawaida ni moja, na inapita Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam.

Sasa tuongee thamani, maana hili ndo swali ninaloulizwa na wadogo zangu wa Maswa na Bariadi walio kidato cha sita: "Dada, digrii ya sheria inalipa?" Nenda kasome matangazo ya kazi. Afisa Sheria wa halmashauri: shahada ya sheria na awe amemaliza Law School. Hakimu Mkazi: hivyo hivyo. Benki na kampuni binafsi nyingi wanataka mtu aliyekwisha kuapishwa. Digrii peke yake inakufikisha mlangoni, ule mwaka mmoja ndo wenye ufunguo. Na usidanganyike kwamba ukiongeza digrii ya pili mambo yatanyooka. Mwenye LLM asiyepita Law School bado anakwenda kugongewa muhuri na wakili mwenye LLB tu. LLM ni nzuri kwa anayetaka kufundisha au kubobea kwenye kodi, madini, haki za binadamu. Ila kama una hela ya kitu kimoja na unataka kazi ya sheria, hela hiyo ipeleke Law School kwanza.

Si sheria peke yake. Mtu mwenye digrii ya kemia au historia isiyo ya ualimu akitaka kuajiriwa kufundisha sekondari, anaulizwa stashahada ya uzamili ya elimu. Ni cheti kidogo, muda mfupi, lakini ndicho kinachomtambulisha kama mwalimu. Na kwa upande mwingine, tangazo la Mtendaji wa Kijiji linataka astashahada, na sheria ni mojawapo ya fani zinazokubaliwa. Kwa hiyo aliyesoma cheti cha sheria pale Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto anaweza kuwa ofisini, ana meza na mhuri wa kijiji, wakati mwenye digrii wa mtaa huo huo yuko kitaa anasubiri. Sisemi digrii haina maana. Bila LLB hiyo Law School hawakufungulii. Ninachosema ni kwamba serikali inaiuza digrii kana kwamba ni mwisho wa safari, inakukopesha kwa ajili yake, halafu ukifika unaambiwa basi linaishia hapa, tafuta usafiri mwingine.

Na huo usafiri mwingine tuliuona mwaka 2022. Oktoba yalitoka matokeo ya Law School: waliofanya mtihani 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Ishirini na sita! Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342. Waliodisko 265. Ni kama asilimia 4 waliovuka mara ya kwanza. Nchi nzima ikapiga kelele, aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na mitandaoni kila mtu akawa mtaalamu: wanafunzi wavivu, vyuo vinagawa digrii kama pipi, Law School inakomoa watu.

Mimi naona kila mmoja alishika mguu mmoja wa tembo. Tuseme kweli vyuo vinapitisha watu wasioiva. Basi aliyevipa ithibati na aliyewakopesha wanafunzi hao kwa miaka minne ni serikali ile ile. Tuseme kweli mtihani ni mgumu kupita kiasi. Mwenye Law School naye ni serikali hiyo hiyo. Huwezi kuwa mwenye kiwanda cha digrii na mwenye mizani ya kuzikataa, halafu mzigo ukikataliwa unamlaumu gunia. Wakulima wa pamba wa Simiyu wanaijua mizani ya namna hiyo vizuri kuliko mimi.

Anayeumia zaidi kwenye mizani hiyo anajulikana. Mtoto wa Dar akipata sapu anaendelea kulala kwao, anakula kwao, anasoma tena. Mtoto wa Lalago akipata sapu, geto la Sinza linadai kodi, nauli ya kurudi Maswa inadaiwa, na nyumbani wameshauza ng'ombe wa ada. Siku hizi HESLB inatoa mikopo kwa baadhi ya wanafunzi wa Law School, na hilo ni jambo jema, nalisema wazi hata kama siwapigii kura. Lakini "baadhi" ndo neno lenyewe. Na ukumbuke, deni la digrii liko pale pale: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Usipoajiriwa kwa sababu huna Law School, deni linakusubiri.

Kuna makamaradi ndani ya chama wanasema dawa ni kuifuta Law School, mtu akipata LLB aapishwe. Nimeisikia hoja hii mara nyingi kwenye magrupu yetu na siiungi mkono hata kidogo. Nitawaambia kwa nini, kwa mfano wa nyumbani.

Mpaka 2021 Baraza la Kata lilikuwa linaweza kuamua mgogoro wa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Mawakili walikuwa hawaruhusiwi mle, watu wanaongea Kisukuma na Kiswahili chao, wazee wanaijua mipaka. Mabadiliko ya sheria ya mwaka huo yakaliondolea mamlaka ya kuamua. Sasa linapatanisha tu, kwa siku 30, na likishindwa, kesi inakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mtu wa Lalago maana yake ni Maswa mjini. Kule mpinzani wako akiwa na hela anakuja na wakili, na wewe unakuja na mtoto wa shangazi yako aliyesoma sheria ila hajapita Law School. Maombi yakiandikwa vibaya yanatupwa kabla shamba halijatajwa. Ukishindwa unakata rufaa Mahakama Kuu, na muda wa rufaa una kikomo. Sasa niambieni, kwenye mazingira hayo kweli unataka bibi yako asimamiwe na mtu ambaye hajawahi kuandika hati ya madai hata moja kwa mazoezi? Mafunzo ya vitendo yanahitajika. Tatizo ni kwamba yamefungiwa kwenye jengo moja, mji mmoja, na yanaanza wakati mwanafunzi ameshachoka na ameshadaiwa.

Uganda wenzetu nao wana taasisi kama hiyo, Law Development Centre, tangu 1970. Nao walikuwa na malalamiko kama yetu ya kufelisha. Lakini hawakubaki Kampala tu. Wamefungua tawi Mbarara na jingine Lira. Sisi Kanda ya Ziwa yote hii, Mwanza, Geita, Mara, Kagera, Shinyanga, Simiyu, mhitimu lazima afunge mizigo aende Dar.

Na lugha je? Mwaka huo huo wa 2021 Bunge lilipitisha kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Tukashangilia, na sisi upinzani tulishangilia. Lakini mwanafunzi anafundishwa sheria kwa Kiingereza na Law School anatahiniwa kwa Kiingereza, halafu anarudi Maswa kuhudumia watu kwa Kiswahili. Wangapi kati ya wale 265 walijua sheria ila Kiingereza ndo kiliwaangusha? Hilo linapimika. Weka mtihani mmoja kwa lugha zote mbili uone.

Kuna kitu kingine kuhusu hiki cheti ambacho wadogo zangu wakijue mapema. Digrii hakuna wa kukunyang'anya kwa sababu ya ulichosema mahakamani. Uwakili unanyang'anyika. Septemba 2019 Fatma Karume alikuwa anamwakilisha Ado Shaibu wa chama chetu kwenye kesi ya kupinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali wa wakati huo. Siku ya uamuzi, yeye wakili ndiye aliyesimamishwa uwakili, kwa maneno aliyoyaandika kwenye hoja zake. Mwaka uliofuata Kamati ya Mawakili ikamfuta kabisa kwenye orodha, mpaka 2021 Mahakama Kuu ilipotengua. Kwa hiyo tukisema cheti hiki kina thamani kuliko digrii, tuseme na upande huo: kina thamani kwa sababu kinakupa sauti mbele ya jaji, na ndiyo maana mlango wake unalindwa kuingia na kutoka.

Ninachotaka kiingie kwenye sera yetu ya elimu ni haya. Mafunzo ya vitendo yaanze ndani ya LLB, mwaka wa mwisho, mwanafunzi awe kwenye kliniki ya sheria au mahakamani wilayani badala ya kukariri tu. Law School ifungue tawi Mwanza. Mkopo wa LLB na wa Law School uwe mkopo mmoja, anayestahili wa kwanza asiombe upya wa pili. Na matokeo yatangazwe kwa kila chuo ambako mwanafunzi alisoma LLB, ili kijana wa Maswa anayejaza fomu ya TCU ajue chuo gani kinatoa watu wanaofaulu na kipi kinachukua ada tu. Hili la mwisho halihitaji hata shilingi ya bajeti. Majina ya vyuo wanayo, alama wanazo.

Mbunge yeyote anaweza kuliuliza swali hilo Bungeni kikao kijacho. Nimeshaliandika rasimu, liko kwa katibu wa Ngome ya Vijana mkoa wa Simiyu. Anayetaka kuongeza kitu amtafute kabla halijapelekwa.