Mfuko wa Kufumia Usizidi Bei ya Uzi Uliomo (Nesi Wenu, Sehemu ya 11)



Leo tuweke pembeni chanjo na uji wa lishe. Nataka tuongee kuhusu mfuko. Ndiyo, mfuko wa kubebea uzi na sindano za kufumia. Najua kuna atakayesema nesi kaishiwa mada. Vumilia kidogo, utaona tunaelekea wapi.

Huku kwetu Mbeya baridi haina utani. Ikifika mwezi wa sita na wa saba, mtoto bila sweta, kofia na soksi hatoki nje. Ndiyo maana kwenye benchi la kliniki kila mara utamkuta mama anafuma. Mwingine ana mimba ya miezi minane anafuma kofia, mwingine mtoto yuko mgongoni na mikono inaenda. Wapo wanaofuma kwa sindano mbili, wapo wa kroshia, na wapo wanaotumia spoku za baiskeli zilizochongwa ncha. Wote nawapenda. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na mtoto njiti anapoteza joto haraka sana. Kofia na soksi za mama yake ni sehemu ya matibabu.

Shida yangu ni pale ninapoona kazi hiyo inabebwa wapi. Uzi umeingizwa kwenye mkoba mmoja na nepi, chupa ya uji, kadi ya kliniki na ndizi. Au umefungwa kwenye kanga, sindano zimechomoza nje. Au uko tu juu ya kitanda nyumbani, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapita hapo hapo.

Sasa kwa upande mwingine kuna wauzaji. Siku hizi mtandaoni kuna mikoba ya kufumia ya kila aina, ina vyumba kumi na viwili, ina picha za kondoo, na bei yake unaweza kununulia uzi wa masweta manne. Kuna mama aliniuliza kama aanze kudunduliza hela za mkoba huo kabla hajaanza kufuma. Jibu langu kwake ndilo msimamo wangu kwenu nyote: HAPANA. Mfuko wa kufumia lazima uwe nao, lakini usizidi bei ya uzi uliomo. Kama uzi wa sweta umenunua kwa elfu kumi, mfuko wa elfu thelathini unakuibia.

Kwanini nasema lazima uwe nao? Kuna mambo matatu, na yote ni ya kinesi.

La kwanza ni uzi wenyewe. Kipande kidogo cha uzi, au hata unywele, kinaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu wa mtoto mchanga kikabana. Damu inashindwa kurudi, kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, baadaye kinageuka rangi ya zambarau. Mtoto analia bila kunyamaza, mama anadhani ni tumbo, anapewa maji ya kila aina. Tafadhali, mtoto akilia hivyo bila sababu unayoiona, mvue nguo zote. Angalia vidole vya miguu, vya mikono, na kwa mtoto wa kiume angalia na uume. Ukiona alama kama pete imebana, usisubiri kesho. Kama uzi unaonekana na unatoka kirahisi, utoe. Kama umezama kwenye ngozi, usichokonoe na wembe, kimbia hospitali. Na soksi ulizofuma, kabla hujamvalisha, zigeuze ndani nje ukate nyuzi zote zinazoning'inia.

La pili ni sindano. Mtoto anayetambaa anaweka kila kitu mdomoni, na anayejifunza kutembea anaanguka kila dakika. Sindano ya kufumia mkononi mwa mtoto anayekimbia ni mkuki. Sina haja ya kukueleza zaidi ya hapo.

La tatu ni uchafu. Mfuko unawekwa sakafuni kwenye daladala, sakafuni chooni, sakafuni wodini, halafu kofia iliyotoka humo inaenda moja kwa moja kwenye kichwa cha mtoto wa siku tatu. Uzi unashika vumbi na unashika vimelea. Hapo tunarudisha nyumbani tulichokuja kukitibu.

Kwa hiyo mimi nikiangalia mfuko siangalii urembo. Nauliza maswali matatu tu. Unafungika juu mpaka mwisho? Unafulika? Unatundikika, yaani una mshikio wa kuuning'iniza msumarini mahali mtoto hafiki? Ukijibu ndiyo mara tatu, huo ndio mfuko wako, hata kama umetoka jalalani ukafuliwa.

Twende sasa kwenye mifuko yenyewe. Naanza na ya bei ndogo.

1. MFUKO WA BLANKETI. Unakumbuka ulivyonunua blanketi au duveti, likaja ndani ya mfuko mgumu unaoonyesha ndani, wenye zipu na mkanda wa kushika? Wengi mnautupa au mnawekea nguo za zamani. Jamani, huo ni mfuko wa kufumia wa bure! Unafungika, unapanguswa kwa kitambaa chenye sabuni, na unaona sindano iko wapi bila kuingiza mkono. Nauonea mapungufu mawili. Zipu yake ni nyepesi, usijaze kupita kiasi. Na kwa kuwa ni nailoni, mtoto mdogo asichezee kabisa, anaweza kujifunika usoni akakosa hewa. Utundike juu.

2. MFUKO WA KITENGE KWA FUNDI. Huu ndio chaguo langu mwenyewe. Kila nyumba ina kipande cha kitenge kilichobaki baada ya kushona gauni. Mpelekee fundi wa mtaani, mimi nilimpa kitambaa na zipu, ufundi akanitoza elfu tatu. Mwambie hivi: upana sentimita 40, kimo sentimita 45, maana sindano nyingi ndefu zina kama sentimita 35 na hazitakiwi kuchungulia nje. Chini awe ameweka kitako ili mfuko ukae wenyewe. Ndani atie bitana ya rangi nyeupe au ya maziwa, ili sindano ikidondoka uione. Kwenye bitana ashone mfuko mwembamba mrefu wa sindano na mwingine mdogo wa mkasi na futi kamba. Juu aweke zipu.

Msikubali mfuko wa kufunga kwa kamba ndefu ya kuvuta. Unapendeza, lakini kamba ndefu na mtoto mdogo havikai nyumba moja. Inazunguka shingo. Kwa sababu hiyo hiyo msiweke kamba za kufunga shingoni kwenye kofia za watoto.

3. MKOBA WA MTUMBA. Nenda Mwanjelwa asubuhi, au soko lolote la mitumba lililo karibu nawe, tafuta mikoba ya kitambaa, hasa ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vitu vya mtoto. Ina mifuko ya pembeni mingi na mkanda wa begani, mikono inabaki huru. Kabla hujalipa, vuta zipu mwanzo mpaka mwisho mara tatu. Ingiza mkono ndani ugeuze bitana, angalia kama haina tundu, maana kroshia hupita kwenye tundu ukaja kuikuta mwezi ujao. Epuka ile yenye velkro, ile gundi ya kukwaruza inayolia kraa ukiifungua. Ikigusa uzi, imeutoa manyoya wote. Nyumbani loweka kwa maji moto na sabuni, suuza, anika juani mpaka ukauke kabisa.

4. KIKAPU CHA UKILI. Kizuri, cha kwetu, mkazi wake ni mama mwenzetu. Lakini nawaambia ukweli, peke yake hakifai. Kiko wazi juu, na ukili unakwaruza uzi laini. Kama tayari unacho, kitie kanga ndani kama bitana, acha ncha nne za kanga zitokee juu uzifunge fundo. Kikae nyumbani juu ya kabati, usisafiri nacho.

5. NDOO YENYE MFUNIKO. Hii si ya kubeba, ni ghala. Uzi wa akiba ukiuacha kwenye boksi la karatasi, panya na mende watakushukuru. Ndoo kavu yenye mfuniko unaobana inamaliza hiyo kesi. Mfuko wako ubebe kazi moja tu, hiyo unayofuma sasa. Donge la ziada libaki ndooni.

Mtaniuliza, na mifuko ya plastiki je? Ile laini ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata kama unayo ya zamani uliyoificha, sindano inaitoboa siku ya kwanza. Achana nayo. Ile mifuko mbadala tunayopewa dukani inafaa kwa dharura, ila haina zipu na haivumilii kufuliwa mara nyingi.

Sasa niwape kanuni moja kutoka kazini. Chumba cha upasuaji, kabla hatujaanza tunahesabu sindano, mikasi na vitambaa vyote. Kabla kidonda hakijafungwa tunahesabu tena. Namba zisipolingana, hakuna anayeondoka mpaka kilichopotea kipatikane. Fanya hivyo hivyo na mfuko wako. Kama umetoka na sindano mbili, kroshia moja, mkasi mmoja na sindano ya kuungia, ukifunga zipu viwe vitano. Ni sekunde kumi. Usiinuke kwenye kochi, kwenye benchi la kliniki wala kwenye kiti cha daladala kabla hujahesabu. Ncha za sindano zichome kwenye kipande cha sponji ya godoro au kizibo cha chupa.

Na mkija wodini, nawaomba. Mfuko usikae sakafuni, na usikae juu ya kitanda cha mtoto. Utundike kwenye kiti chako. Nawa mikono kabla ya kushika uzi na kabla ya kushika mtoto. Mfuko wa kitambaa ufue kila wiki. Nguo mpya ukimaliza kuifuma, ifue na ikauke ndipo mtoto avae, hata kama ina haraka ya kwenda kupigiwa picha. Na wewe uliyembeba mtoto njiti kifuani ngozi kwa ngozi, mikono yako kwa wakati huo ni ya mtoto. Sweta halina haraka.

Kuna jambo la mwisho, na hili linawahusu na wenye nyumba wengine. Nimesikia mara nyingi mume au mama mkwe anasema, "Toa manyuzi yako hapo." Manyuzi! Hayo manyuzi ndiyo kofia ya mtoto wake. Hayo manyuzi kwa wanawake wengi ninaowafahamu ndiyo ada ndogo ndogo, maana shule za huku zinadai sweta na sweta la mkono lina mteja. Lakini kitu kisicho na mahali pake nyumbani kila mtu atakiona takataka. Fundi ana boksi lake la vifaa, mwalimu ana mkoba wake wa madaftari, na hakuna anayewaambia watoe takataka zao. Mama akiwa na mfuko wake, umefungwa, umetundikwa, watoto wanajua hauguswi, basi na kazi yake inaanza kuheshimiwa kama kazi.

Kwa hiyo baba watoto unayesoma kimya kimya, huhitaji kutafuta zawadi ya gharama. Piga msumari mmoja ukutani, juu, mahali mkono wa mtoto haufiki. Halafu mpe mama hela ya fundi.

Na wewe mama, leo kabla hujalala, ingia chumbani ukatafute ule mfuko wa blanketi. Najua uko chini ya kitanda. Utoe, upanguse, hamishia uzi wako humo, hesabu sindano, tundika.

Sehemu ya 12 tutaongea kuhusu kumvalisha mtoto wakati wa baridi bila kumfunika mpaka anatoka jasho. Kama una mfuko wako ulioubuni mwenyewe kwa vitu vya nyumbani, tuwekee picha hapo chini, wenzako wajifunze.

Nesi wenu.