Miaka 60 imefika: mtumishi aongezewe muda au apishe wengine?

Juzi kipindi chetu cha asubuhi kilichelewa kufungwa kwa sababu ya simu mbili. Ya kwanza ilitoka kwa mwalimu wa msingi aliyebakiza miezi minne kustaafu. Alisema bado ana nguvu, na mtoto wake wa mwisho yuko mwaka wa pili chuoni. Kwa nini asiongezewe hata miaka mitano? Ya pili ilikuwa ya kijana mwenye shahada ya ualimu, anayeendesha bodaboda akisubiri ajira. "Shikamoo mwalimu," alisema, "lakini sisi tuingie lini?"

Tuanze na sheria. Kwa Tanzania, mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 ni lazima. Maprofesa, wahadhiri waandamizi na madaktari bingwa wao huenda hadi 65, kwa kuwa mtaalamu wa namna hiyo huchukua miaka mingi kupatikana. Kenya nayo ilipandisha umri wa watumishi wengi kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009.

Tulipomhoji zaidi mwalimu wetu, hoja ya nguvu iliisha upesi ikabaki ya fedha. Hapo ndipo kinapoingia kikokotoo, neno ambalo wengi wanalisikia tu likilalamikiwa. Mfano wetu huu ni wa hesabu tu. Tuseme pensheni yako kamili ingekuwa shilingi 600,000 kwa mwezi, yaani 7,200,000 kwa mwaka. Mfuko unazidisha kwa 12.5, inakuwa milioni 90, kisha unakupa sehemu yake kwa mkupuo. Kwa asilimia 33 iliyoanza Julai 2022, mkupuo ni milioni 29.7 na kila mwezi unabaki na 402,000. Mwaka 2024 serikali ilipandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani: mkupuo unakuwa milioni 36, lakini ya mwezi inashuka hadi 360,000. Mkupuo ukikua, ya mwezi inapungua. Hilo watu hawaambiwi vya kutosha, na mkupuo wenyewe ndio unaosubiriwa na ndugu, wauza viwanja na wenye biashara za ghafla.

Kijana wa bodaboda naye ana haki, ingawa hesabu yake haikamiliki. Mwalimu akistaafu leo, nafasi yake haijazwi kesho. Ajira mpya inahitaji kibali na bajeti, na shule ya kijijini inaweza kukaa muda mrefu na pengo. Kumbakiza mzee hakumfungii kijana mlango peke yake, wala kumwondoa hakuufungui.

Sisi tunaona umri usipandishwe kwa wote. Pale ambapo kweli hakuna wa kushika nafasi, mfano mwalimu wa fizikia katika sekondari ya kata, mstaafu apewe mkataba wa muda, huku kijana akiajiriwa chini yake ajifunze kazi. Anayetaka kubaki kwa sababu ya ada ya mtoto, tatizo lake ni mafao, na litatuliwe huko kwenye mafao.

Kuna simu ya tatu hatukuipa muda wa kutosha, na tunaomba radhi. Mama mmoja mkulima alituuliza yeye anastaafu lini. Wengi mnaotusoma mko upande wake: jembe halina miaka 60, na mgongo ukigoma hakuna barua wala mkupuo. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Bara hakuna malipo kama hayo kwa wazee wote. Kilichopo ni kuchangia kwa hiari NSSF, ambayo inapokea waliojiajiri, wakulima wakiwemo. Lakini kuchangia kila mwezi kwa mtu anayepata fedha wakati wa mavuno tu ni jambo gumu, na tutamwita ofisa wa mfuko aje alijibu hewani.

Kabla hatujamwachia mwalimu, tulimuuliza kama ameshahakiki michango yake yote ya miaka 34 ya kazi, maana mwezi mmoja ukikosekana kwenye kumbukumbu, malipo yanaweza kukwama. Alinyamaza kidogo, akasema bado, angekwenda Jumatatu.